Namba ya Watu wa Masikio

Mgeni wa meneja alikuwa anamenya chenza juu ya orodha. Si kwamba alikosa pa kumenyea. Meza ilikuwa pana na kisahani cha chai kilikuwa mbele yake. Lakini aliziona karatasi zimetandazwa, akaona zinafaa, akaanza kuangusha maganda juu yake moja moja huku akiongea. Mbegu alizitemea kiganjani kisha akazipanga pembeni mwa ukurasa. Mama Namba alisimama mlangoni akimtazama. Kurasa zile zilikuwa zake.

"Karibu, mama, kaa," meneja alisema. "Huyu bwana ametoka kule kampuni kubwa. Ana tatizo dogo tu."

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini ofisi nzima ilimwita Mama Namba kwa sababu ya kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. Kila aina ya prosesa, yaani ule ubongo mdogo ulio ndani ya kompyuta, ndani ya simu, ndani ya mashine ya kupimia sukari, ina lugha yake. Mtu anapoandika programu, mwanzoni kabisa mwa faili huwekwa namba inayosema programu hii ni ya ubongo gani. Mashine husoma namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ikiona ni yake, inaiendesha. Ikiona si yake, inaikataa. Kwa hiyo lazima pawe na mtu mmoja wa kugawa namba, wawili wasije wakapewa moja. Aliyetaka namba aliandika barua, akaeleza ametengeneza nini, na Mama Namba akampa iliyofuata. Namba haikuuzwa wala haikunyang'anywa. Ikishatoka, imetoka.

"Mia nne na kumi na saba," mgeni alisema. "Tunaitumia sisi."

"Ina mwenyewe."

"Ndiyo maana nikasema tatizo dogo," meneja akadakia.

"Mliiomba lini?" Mama Namba aliuliza.

"Hatukuiomba." Mgeni alilisema hilo kama mtu anayesema bado hajanywa chai. "Tulitazama ukurasa wenu wa hadhara, nafasi ilikuwa tupu, tukaingia. Sasa vifaa milioni mbili vimetoka kiwandani na namba hiyo tumboni. Vingine viko madukani."

Hapo alimpiga penye kidonda. Ni kweli nafasi ilikuwa tupu. Namba aliitoa mwezi wa tatu, kwa barua, akaiandika kwenye daftari lake. Lakini ukurasa ule wa wazi, ambao kila mtu anausoma, hakuujaza mpaka zilipopita wiki saba. Meneja alikuwa ameipunguza kazi ya orodha ikabaki ya Ijumaa tu, na Ijumaa ikifika anamtuma apange mafaili ya safari za wakubwa. Mama Namba akawa anabeba daftari nyumbani, anaandikia kwenye meza ya kulia chakula, kati ya sahani na dawa za presha za mumewe.

"Basi nitawapa nyingine," alisema. "Nafasi zipo elfu sitini na tano na ushee. Nitaitoa leo hii, kabla ya chai."

Mgeni alicheka kidogo. "Mama yangu, unajua kugeuza vifaa milioni mbili ni nini? Hao wenzetu wana nini? Vidude vya masikioni vya wasiosikia vizuri, elfu nne, tena vya kutengenezwa kwa mkono." Akapangusa vidole kwenye kona ya ukurasa, polepole, kimoja baada ya kingine.

Walichotaka kilikuwa rahisi. Kwenye mia nne na kumi na saba liandikwe jina la kampuni, na tarehe iwe ya mwezi wa pili. Kwa wale wengine iandikwe kwamba walipewa kimakosa.

"Tarehe ya uongo," Mama Namba alisema.

"Tarehe ni kitu cha kuandika tu, mama," meneja alisema kwa upole. "Fikiria mpaka Ijumaa. Na kwanza, binti yako si yuko huko kwao? Nasikia wanamsifu sana." Akatabasamu kama anayempa pongezi.

Mgeni alipoondoka, Mama Namba alikusanya maganda kwa mkono. Karatasi zilikuwa zimelowa na kunata.

Alipofika nyumbani jioni alikuta televisheni. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba kabati la vyombo lilikuwa limesukumwa korido, na mumewe alikuwa amekaa karibu nayo mno, shingo imeinuliwa, rimoti imechomekwa mfuko wa shati mahali pa kalamu. Mwalimu alikuwa amestaafu. Miaka thelathini alifundisha somo la uraia.

"Imetoka wapi?"

"Imeletwa. Vijana wawili, wamevaa fulana za kampuni ya mtoto. Wastaarabu kweli, hata viatu wamevua."

"Na wewe?"

"Nikatia sahihi."

"Sahihi ya nini, Mwalimu?"

"Ya kupokea. Kwani televisheni inapokelewaje?"

"Irudishwe kesho."

Mwalimu aliitazama televisheni, akamtazama mkewe, kisha akaitazama tena televisheni. "Boksi nimeshalichana," alisema. "Haiwezekani kurudisha kitu bila boksi. Nimelichana vipande vipande nikampa jirani awashie jiko."

Alikuwa amemwambia jirani kwamba ni zawadi ya kupandishwa cheo kwa binti yao. Cheo chenyewe alikisikia kwa wale vijana.

Binti mwenyewe alikuja saa moja, na mkoba mpya na harufu nzuri. Ni mtoto wao wa pekee. Mama Namba ndiye aliyemfundisha kusoma faili tangu yuko shule, akimwonyesha mahali namba inapokaa: baiti ya kumi na tisa na ya ishirini, kaa hapo usome. Wenzake wakicheza kamba, yeye alikuwa anajua prosesa gani ni namba ngapi. Sasa alikuwa kule kampuni, kwenye chumba kinachotengeneza prosesa zao.

Walikula. Mwalimu alipunguza sauti ya televisheni lakini hakuizima.

"Mama, usiifanye kubwa," binti alianza. "Ni mstari mmoja."

"Kwa nini hamkuomba? Mngeniandikia, ningewapa siku hiyohiyo."

"Tungeomba ungeiweka kwenye orodha, na orodha inasomwa na dunia nzima. Washindani wangejua miezi minane kabla kwamba tunatengeneza kitu. Tukaambiwa tutafute nafasi tupu, tuitumie kwanza, tuandikishe baadaye. Kila mtu anafanya hivyo."

"Nani aliitafuta?"

Binti aliinamia sahani. "Mimi. Nilitazama ukurasa, ikawa tupu. Ningejuaje, mama?"

Moyo wa Mama Namba ulilainika. Wiki saba zile zilikuwa zake, si za mtoto. Alikaribia kuunyoosha mkono amshike, aseme basi mwanangu, kosa tumeligawana. Binti akaona uso wa mama umelegea, akapata nguvu, akajaza mchuzi na kuendelea.

"Halafu ni watu watatu tu, mama, karakana yenyewe ipo nyuma ya duka la matairi, mashine ya kulehemu wanaazima. Mwaka huu hawaumalizi hao."

Mama Namba aliuweka mkono wake mezani tena.

Habari ya duka la matairi haikuwa kwenye ukurasa wowote. Wala mgeni wa chenza hakuitaja. Ilikuwa kwenye barua ya kwanza ya wale watu, ile waliyojieleza kwa adabu wao ni nani na wanafanyia kazi wapi, hata wakasema wanaazima mashine. Barua hiyo aliibana kwa pini ndani ya daftari, na daftari lilikuwa halifunguliwi nyumbani ila kwenye meza hii.

"Nani amekuambia habari ya matairi?"

Kijiko kilisimama. Mwalimu, ambaye hakuwa mjinga, aliongeza sauti ya televisheni.

"Ulisoma daftari langu."

"Lilikuwa wazi, mama. Nilikuwa natandika meza."

"Basi ulijua ina mwenyewe."

"Nilijua imeombwa," binti alisema taratibu. "Kuombwa na kutumika ni vitu viwili."

Alisema vizuri, bila kubabaika, kama mtu aliyekwisha kulisema mbele ya watu wengi na wakamkubali. Mama Namba alikusanya sahani. Alinyanyuka akaenda nazo kwenye sinki. Nyuma yake alimsikia Mwalimu akisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Mwache, atakaa sawa. Mama yako anapenda kuonekana mkamilifu. Rekebisha tu hilo jambo, mke wangu. Nani atakufa?"

Alhamisi, saa nne asubuhi, fundi wa vile vidude vya masikioni alikuja ofisini mwenyewe. Alikuwa ameandika barua pepe sita na hakujibiwa. Zote zilipelekwa kwa meneja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, nywele amezikata chini kabisa, na nyuma ya kila sikio kilikaa kidude cha rangi ya kahawia. Alivitengeneza na alivivaa. Bila hivyo alisikia ngurumo tu, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kutazama mdomo wa mtu anayesema.

Waliketishwa wote chumbani kwa meneja, Mama Namba pembeni.

"Kampuni imewatumia watu programu mpya kwenye simu zao," fundi alieleza. Sauti yake ilikuwa juu kidogo, kama ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe. "Simu ikikutana na kifaa chenye mia nne na kumi na saba, inadhani ni chao. Inakimiminia maagizo yao. Changu hakiyajui, kinapiga filimbi ndani ya sikio. Juzi bibi mmoja ameanguka kwenye ngazi. Kuna mtoto wa darasa la tatu amekichomoa darasani akakitupa chooni, sasa anakaa mbele ya mwalimu kama gogo."

"Pole sana," meneja alisema, na kuanzia hapo akageuza kiti chake akaelekea dirishani.

"Samahani, sijasikia."

Meneja aliongea na kioo cha dirisha. Tena aliishusha sauti. Mama Namba alisikia kila neno: kwamba ofisi inachunguza, kwamba huenda hapakuwa na barua halali, kwamba mambo ya kitaalamu yanahitaji subira.

"Nisaidie kunigeukia, bwana. Nasoma midomo."

"Nilikuwa nasema," meneja akamwambia dirisha, "watu wengine huja hapa bila maandalizi."

Fundi aliinuka akaizunguka meza ili auone uso wake. Meneja akakizungusha kiti upande wa pili, polepole, kama anayetafuta kitu kwenye droo. Fundi akazunguka tena. Walifanya hivyo mara tatu, mwanamke mzima na bahasha yake mkononi akikifuata kiti. Karani aliyepita mlangoni alijiziba mdomo asicheke.

Mwishowe fundi alisimama mbele ya Mama Namba. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akaikunjua. "Mama. Barua hii si wewe uliyeniandikia? Hapa. Mia nne na kumi na saba, imeandikishwa, hongereni. Tarehe hii."

Neno la hongereni Mama Namba aliliongeza mwenyewe kwenye kila barua. Hakuna aliyemtuma.

Meneja alikuwa amegeuka sasa. Alikuwa anamtazama.

"Nitaangalia," Mama Namba alisema.

Fundi aliutazama mdomo wake kwa muda, labda akidhani haujamaliza. Kisha akaikunja karatasi, akashukuru, akaondoka. Meneja akakohoa. "Umefanya vizuri, mama," akasema, na akamsukumia sahani ya biskuti.

Aliichukua moja. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Alichukua biskuti, akaila.

Ijumaa alifika ofisini kabla ya wafagiaji. Hakuwa na ushujaa wowote; njiani nusura ageuze. Alifungua ukurasa wa orodha, akaenda kwenye mia nne na kumi na saba. Aliliacha jina la karakana na tarehe yake. Chini yake akaandika maelezo:

"Namba hii inatumiwa pia na kampuni ambayo haikuiomba. Nafasi ilionekana tupu kwa sababu mtunza orodha alichelewa wiki saba kuijaza. Aliyeichagua kwa niaba ya kampuni aliisoma kwenye daftari la mtunza orodha, nyumbani kwake, akijua ina mwenyewe. Ni binti wa mtunza orodha. Mtunza orodha ameombwa abadili tarehe. Hakubadili."

Akaisoma mara mbili. Neno binti alilifuta, akaweka ndugu. Kisha akarudisha binti. Akabonyeza.

Meneja aliligundua saa tano, na kufika saa sita ukurasa ulikuwa umeshushwa. Lakini orodha ile ilikuwa inanakiliwa kila asubuhi na mashine za watu wanaotengeneza zana za kuandikia programu, watu wa huku na huko wasiojua hata inatoka ofisi gani. Nakala zilikuwa zimeshaenda. Jioni simu ya meneja ilikuwa haipumziki, na Mama Namba alikuwa ameshapewa boksi la karatasi atilie vitu vyake. Jambo hilo waliliita kustaafu mapema kwa heshima. Wakamtaka tu amalizie barua zilizokuwa mezani mpaka mwisho wa mwezi, maana hakuna mwingine aliyejua kuzijibu.

Ungedhani pangewaka moto. Kwa siku nne watu wa zana waliandikiana kwa hasira, wakaitukana kampuni kwa majina yote. Siku ya tano mmoja akasema, kwa haki namba ni ya watu wa masikio, hilo halina ubishi, lakini vifaa milioni mbili ni vifaa milioni mbili. Wengine wakakubali kwa shingo upande, na baada ya hapo hata shingo zikanyooka. Kampuni ilitoa taarifa ya mistari mitatu ikisikitishwa na mkanganyiko. Televisheni hawakuiulizia.

Binti alikuja Jumapili. Macho yalikuwa yamevimba, lakini nguo zilikuwa zimepigwa pasi.

"Umeniandika dunia nzima, mama."

"Sikuandika jina lako."

"Una binti mwingine?"

Mama Namba hakuwa na binti mwingine. Hilo lilimuuma.

"Hata hivyo wamenisamehe," binti alisema. "Bosi ameniita, akaniambia mambo kama haya hutokea. Wamenihamishia kitengo kingine. Mshahara uleule."

"Nani amekusamehe?"

"Kampuni."

"Kampuni imekusamehe." Mama Namba alilirudia akilitafuna, kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali. "Na yule mtoto wa darasa la tatu?"

"Mama, mimi simjui huyo mtoto."

Alilisema bila ubaya wowote. Mwalimu aliingia na chai, akaanza kumweleza binti jinsi televisheni inavyoweza kugawanywa picha mbili kwa wakati mmoja, na binti akamfuata sebuleni, akacheka mahali pa kucheka. Mama Namba alibaki jikoni. Alimpenda mtoto wake, na alikuwa hataki kumwona, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja kifuani havigombani.

Wiki ya mwisho ya mwezi ilifika barua pepe kutoka karakana. Haikuwa na salamu. "Tunaomba namba nyingine. Hatuna nguvu ya kushindana." Basi. Mama Namba aliwapa mia nne na thelathini na mbili, akaijaza dakika hiyohiyo kwenye ukurasa, ambao ulikuwa umerudishwa bila maelezo yale, akachapa barua. Neno la hongereni hakuliweka. Halafu, badala ya kuituma, akaitia kwenye mkoba, akaenda nayo.

Duka la matairi lilikuwepo kweli. Nyuma yake palikuwa na mlango wa bati na chumba kirefu chenye joto na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Vijana wawili walikuwa wameinamia taa. Fundi alikuwa meza ya mwisho, amezungukwa na maboksi ya viatu, na kila boksi limejaa vile vidude vya kahawia, kila kimoja kimefungwa karatasi yenye jina la mtu. Vilirudishwa na wenyewe ili viandikwe upya, kimoja kimoja, kwa namba mpya.

Mama Namba alimpa barua. Fundi aliisoma, akaibandika ukutani kwa gundi.

"Ungeweza kuituma," alisema.

"Ndiyo."

"Siku ile ungesema."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimesimama mbele yako. Ndiyo moja tu ilitosha. Sasa unanipa mbili." Alimtazama mdomo, akingoja. Mama Namba alikuwa amekuja na maneno, ameyapanga njia nzima, kuhusu mumewe, kuhusu mtoto, kuhusu miaka kumi na tisa. Aliyatazama maboksi yale, akaona hakuna hata moja linaloyahitaji.

"Kuna kazi ninayoweza kufanya hapa?" aliuliza.

Mmoja wa vijana aliinua kichwa. Fundi alifikiri, wala hakuficha kwamba anafikiri. Kisha akasukuma stuli kwa mguu, akamwekea mbele boksi moja, chupa ya spiriti na furushi la pamba.

"Havifunguki vikiwa na uchafu. Toa nta yote ya masikio kwanza."

Mama Namba aliketi. Alikitoa cha kwanza kwenye karatasi yake. Kilikuwa na nta ya miaka, nyeusi, imeshikana na unywele mmoja mweupe, na ilinuka kama nguo iliyokaa sana na maji. Alichovya pamba akaanza kukwangua kwa ukucha.

"Usikwangue," fundi alisema. "Kina ngozi laini, kitapasuka. Futa."

Akafuta. Alipomaliza alikiinua kwenye taa, akakiona kisafi, akakiweka kulia.

"Viko vingapi?"

"Vilivyofika mpaka leo, mia tisa na kitu. Vingine viko njiani."

Mama Namba alifungua karatasi ya pili, akalisoma jina la mtu huyo kwanza, halafu akachovya pamba.